Maisha ya Sir Horace Plunkett

Sir Horace Plunkett alizaliwa Uingereza mwaka 1854, katika ukoo mkubwa wa Ayalandi. Alikuwa Mprotestanti, tena alitaka Ayalandi ibaki chini ya Bunge la London. Wakulima wengi walikuwa Wakatoliki waliotaka kujitawala. Lakini siagi ya Denmark iliishinda siagi yao wote sokoni. Basi mwaka 1894, akisaidiana na Padre Thomas Finlay, aliunda chama cha kueneza ushirika nchini kote.

Mwaka 1895 aliwaita wabunge wa pande zote wafanye shauri juu ya kilimo na ufundi tu. John Redmond, mpigania kujitawala, aliitika, wengine wakakataa. Shauri hilo lilizaa sheria ya 1899 iliyoanzisha Idara ya Kilimo. Plunkett alimpa mpinzani, T. P. Gill, ukatibu wake. Watu wa upande wake wakachukizwa, naye akapoteza kiti chake cha Bunge mwaka 1900. Mwaka 1923 nyumba yake ilichomwa moto vitani. Alifariki 1932.

Sisi tupimao mazao katika mizani moja, tuliokuwa wa dini na siasa mbalimbali, yatupasa kumkumbuka.