Anna Sewell: Mlemavu wa miguu aliyewatetea farasi

MIONGONI mwa waandishi waliopata umaarufu mkubwa kwa kitabu kimoja tu, ni wachache walioandika katika mazingira magumu kama Anna Sewell wa Uingereza. Mwanamke huyu alitunga riwaya ya Black Beauty akiwa amelala kitandani au kwenye kochi, akiandika sentensi chache kwa penseli kila alipopata nguvu. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka 1877. Miezi mitano baadaye mwandishi alikuwa kaburini.

Wengi huichukulia riwaya hiyo kuwa hadithi ya watoto. Yeye hakuiandika kwa ajili ya watoto. Aliowalenga ni masaisi, waendesha magari ya farasi na wote waliolipwa mshahara kwa kumshika farasi kila siku, na nia yake ilikuwa kuwafundisha namna ya kumtunza mnyama huyo ili aendelee kuwa mzima wa miguu, mgongo na pumzi.

Anna alizaliwa Machi 30, 1820 katika mji wa bandari wa Great Yarmouth, mkoani Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Isaac Sewell, alikuwa mfanyabiashara asiye na bahati. Duka lake lilianguka na familia ikalazimika kuhamahama kutafuta riziki. Mama yake, Mary Wright Sewell, baadaye alijulikana kwa tungo zake nyepesi za mafunzo kwa watu wa kawaida. Wazazi wote wawili walikuwa waumini wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vizuri tangu wamisionari wake kutoka Marekani walipofika Kaimosi mwaka 1902. Katika nyumba hiyo ukatili kwa mnyama ulihesabiwa kuwa dhambi kama ukatili kwa binadamu. Anna na mdogo wake wa pekee, Philip, walikua wakilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Msiba uliobadili maisha yake ulitokea alipokuwa na umri wa miaka 14. Familia ilikuwa ikiishi Stoke Newington, kaskazini mwa London. Siku moja, akiwahi nyumbani kutoka shuleni huku mvua ikinyesha, aliteleza, akaanguka na kuumia vibaya vifundo vya miguu. Matibabu ya zama zile hayakumsaidia. Tangu siku hiyo hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu wala kutembea mwendo wa maana bila msaada. Alipelekwa kwenye maji ya tiba hadi Ujerumani na kupata nafuu kwa vipindi, lakini hakupona.

Hapo ndipo farasi walipoingia katika maisha yake kwa namna ambayo mtu mwenye miguu mizima asingeijua. Kwa Anna, farasi hakuwa pambo wala mchezo wa matajiri. Alikuwa ndiye miguu yake. Kila alikotaka kwenda, kanisani, sokoni au kumtembelea jirani mgonjwa, ilimbidi apande kigari kidogo kinachovutwa na farasi. Miaka ile familia ilipoishi kusini mwa nchi, ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake kituo cha treni asubuhi na kumfuata jioni. Waliopanda naye walisimulia kwamba alishika hatamu zikiwa zimelegea mkononi, akizungumza na farasi kwa sauti ya kawaida kama azungumzavyo mtu na mwenzake wa safari.

Ili kuelewa kilichomkera, yafaa kueleza kidogo desturi za wakati huo. London ya karne ya 19 iliendeshwa kwa nguvu za farasi: magari ya abiria, mabasi, mikokoteni ya makaa ya mawe, ya unga na ya bia. Kwa matajiri, farasi wawili mbele ya gari zuri walikuwa kama gari la kifahari la leo, na fasheni ilitaka vichwa vya farasi hao viwe juu, shingo zikipinda kama upinde. Kwa kuwa farasi hatembei hivyo kwa hiari yake, kilitumika kifaa maalumu: hatamu fupi iliyounganishwa na lijamu mdomoni, ikapitishwa juu na kufungwa kwenye matandiko ya mgongoni, kisha ikakazwa. Farasi akijaribu kuteremsha kichwa, chuma kinamkata mdomo.

Ubaya wa hatamu hiyo haukuishia mdomoni. Kichwa na shingo ndivyo mizani ya farasi. Akitaka kupanda mlima na mzigo, hushusha kichwa, huinua mgongo, huingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo na kusukuma kwa uzito wa mwili wake wote. Yeyote aliyewahi kumwona punda akipandisha mkokoteni wa maji mtaani ameliona jambo hili. Kichwa kikifungwa juu, mgongo hubonyea, miguu ya nyuma hubaki nyuma na kazi yote huangukia misuli ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Pumzi nayo hubanwa kooni. Farasi wa namna hiyo huchakaa mapema, hujikwaa, na akijikwaa hana namna ya kujirudisha sawa, kwa sababu kile ambacho angekitumia kujisawazisha kimefungwa kwa ngozi na buku la chuma.

Anna hakuwa wa kwanza kulipinga jambo hilo. Mwaka 1875 Edward Fordham Flower, mtengenezaji bia wa Stratford-upon-Avon, alichapisha kijitabu kikali juu ya lijamu na hatamu hizo. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilikuwepo London tangu mwaka 1824. Hata hivyo, vijitabu vya namna hiyo vilisomwa na waungwana, ilhali mshika hatamu alikuwa mtu wa tabaka jingine kabisa.

Mwaka 1867 familia ilihamia Old Catton, kijiji kilicho pembezoni mwa jiji la Norwich, ili kuwa karibu na Philip aliyekuwa amefiwa na mke na kuachiwa watoto saba. Afya ya Anna ilikuwa ikizidi kudhoofika. Novemba 1871 aliandika katika shajara yake kwamba alikuwa ameanza kuandika maisha ya farasi. Kisha kazi ikalala kwa muda mrefu, kwani kuna vipindi ambavyo hakuweza hata kukaa. Ilipofika mwaka 1876 aliirudia kwa bidii ya mtu anayejua kuwa siku zake zinahesabika. Alipopata nafuu aliandika kwenye vipande vya karatasi. Mama yake, aliyekuwa bibi wa miaka karibu 80, aliketi kando, akavipokea na kuvinakili kwa hati safi. Hivyo ndivyo kitabu chenye sura 49 kilivyokamilika.

Ubunifu wake mkubwa ulikuwa kumfanya farasi mwenyewe awe msimulizi. Black Beauty anazaliwa shambani, anafundishwa kwa upole, kisha anauzwa kutoka mkono huu hadi ule, kila mara akishuka daraja. Saisi mmoja mlevi anapuuza chuma cha kwato kilicholegea na kumkimbiza usiku kwenye barabara ya mawe. Chuma kinang'oka, kwato inapasuka, farasi anaanguka na kumwua mpandaji wake. Magoti ya Black Beauty yanapona lakini makovu yanabaki, na kuanzia hapo bei yake sokoni ni ya farasi mwenye dosari. Mwenzake Ginger, jike mwekundu mwenye hasira, anaharibiwa kwanza kwa hatamu ya kubana kichwa, kisha kwa kukimbizwa kupita uwezo wake. Sura inayoonyesha mwisho wake ni fupi sana, na sidhani kama kuna msomaji aliyeisahau.

Lakini kwa anayetaka kujua Anna alikuwa na ujuzi kiasi gani, sura ya kusoma ni ile ya Jakes, mwendesha mkokoteni. Mzigo umezidi, mlima ni mkali, na Jakes anampiga Black Beauty ambaye anasukuma kwa nguvu zote bila kusonga. Mwanamke mmoja apitaye njia anamwomba kwa adabu amfungue ile hatamu ya kichwa. Jakes anacheka, lakini anakubali. Farasi anashusha kichwa, anatikisa shingo mara kadhaa kuondoa ukakamavu, anauegemeza uzito wake wote kwenye mkanda wa mabegani na mzigo unapanda. Mafunzo yote ya elimu ya mwendo wa farasi yamo mle, yakisemwa na mtu ambaye mwenyewe hakuweza kupanda mlima.

Kitabu hakikosi kasoro. Baadhi ya watu wake ni wema kupita kiasi na mahubiri dhidi ya ulevi hujirudia mno. Jambo la kusifiwa ni kwamba Anna hakuwalaumu maskini peke yao. Alieleza jinsi waendesha magari ya kukodi wa London walivyobanwa na ada kubwa walizowalipa wenye magari na farasi, hata wakalazimika kumfanyisha mnyama kazi saa nyingi ili wenyewe wale. Alipata kuzungumza na mmoja wa waendeshaji hao, na mazungumzo hayo yalimkaa moyoni.

Kampuni ya Jarrold ya Norwich ilinunua haki zote kwa malipo ya mara moja yasiyozidi pauni 40, na Novemba 24, 1877 kitabu kikatoka. Anna aliishi vya kutosha kuona kinapokewa vizuri, lakini si zaidi ya hapo. Alifariki dunia Aprili 25, 1878 akiwa na umri wa miaka 58. Familia ilisimulia kwamba siku ya mazishi mama yake alichungulia dirishani, akaona farasi waliokuja kubeba jeneza wamefungwa hatamu zile zile za kuinua kichwa. Alitoka nje na kuamuru zifunguliwe kabla msafara haujaondoka.

Mwaka 1890 George Angell, mwanasheria wa Boston aliyeanzisha chama cha kutetea wanyama katika jimbo la Massachusetts, alikichapisha kitabu hicho Marekani na kukigawa kwa waendesha magari na masaisi. Familia ya Sewell haikupata hata senti kutoka kwenye toleo hilo. Inakadiriwa kuwa hadi leo zimeuzwa zaidi ya nakala milioni 50 katika lugha nyingi za dunia. Hatamu ya kubana kichwa ilipungua taratibu katika mitaa ya Uingereza, ikawa ishara ya ushamba badala ya fahari, hata kabla injini hazijawaondoa farasi barabarani.

Mwaka 1917 binti wa Philip alijenga birika la kunyweshea farasi huko Norwich kwa kumbukumbu ya shangazi yake. Anna alizikwa Lamas, kijiji kilicho kaskazini mwa jiji hilo, kwenye makaburi madogo ya Marafiki. Mwaka 1984 makaburi hayo yalisawazishwa kwa tingatinga, na jiwe lake sasa limejengewa ukutani kando ya barabara, pamoja na mawe ya wazazi wake.