Furaha Inayobaki: Mtakatifu Inyasi wa Loyola na Swali la Wito



Kila mwaka, tarehe 31 Julai, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Inyasi wa Loyola, padre na mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wengi wetu tunamfahamu kupitia Wajesuiti na shule zao. Katika makala hii tunapenda kumtazama kama mtu aliyeitambua kazi aliyopewa na Mungu kwa kuchunguza ni mambo gani yaliutia moyo wake nguvu, na ni yapi yaliuacha mkavu. Swali hilo linatuhusu sisi tulio katika malezi, na linamhusu kila kijana anayejiuliza afanye nini na maisha yake.

Askari aliyependa sifa

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 huko Loyola, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo lilikuwa Íñigo. Akiwa kijana alipelekwa Arévalo, nyumbani kwa Juan Velázquez de Cuéllar, mtunza hazina wa ufalme, akalelewa humo kama watoto wa wakubwa. Alipenda mavazi mazuri, silaha na kusifiwa.

Tarehe 20 Mei 1521 alikuwa katika ngome ya Pamplona, iliyozingirwa na jeshi la Wafaransa. Wenzake walitaka kusalimu amri, yeye akawashawishi wapigane. Tufe la mzinga likamvunja mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Alirudishwa kwao Loyola akiwa amebebwa kwenye machela. Mfupa uliunga vibaya, ukavunjwa upya. Ulipopona, kipande cha mfupa kilibaki kimejitokeza chini ya goti. Akaagiza kikatwe kwa msumeno, bila dawa yoyote ya kupunguza maumivu, ili aweze tena kuvaa buti za kubana walizovaa watu wa ikulu. Hapo tunaona jinsi alivyokuwa tayari kulipa gharama kubwa kwa ajili ya jambo dogo.

Ndoto mbili kitandani

Alipokuwa akiuguza jeraha aliomba hadithi za mashujaa wa vita, lakini nyumbani hazikuwepo. Akapewa Maisha ya Kristo, kitabu kilichoandikwa na Ludolfo wa Saksonia, pamoja na kitabu cha maisha ya watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine.

Saa nyingi alizipitisha akiwaza. Mara aliwaza mwanamke fulani wa cheo cha juu, na mambo ya kishujaa ambayo angemfanyia. Mara aliwaza itakuwaje naye akiyafanya yale waliyofanya Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimpendeza yalipokuwa yakiendelea. Tofauti ilikuja baadaye. Ndoto za ikulu zilipokwisha, alibaki mkavu na bila raha. Ndoto za kumfuata Kristo zilipokwisha, alibaki na amani na ari.

Siku moja akaiona tofauti hiyo, akaanza kuitafakari. Huo ndio mwanzo wa mafundisho yake juu ya faraja na ukiwa, na juu ya kupambanua roho. Tuzingatie kwamba hakujiuliza tu ni nini kinachompendeza, maana vyote viwili vilimpendeza. Alijiuliza ni kipi kinachomwacha na uhai baada ya kupita.

Furaha iliyokuja wakati usio wake

Mwaka 1522 aliuacha upanga wake mbele ya picha ya Mama Bikira Maria huko Montserrat, akaishi miezi mingi Manresa katika sala na toba kali. Huko alianza kuandika yale yaliyokuja kuwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho. Mwaka 1523 akafika Yerusalemu, akitaka kubaki huko maisha yake yote. Wakubwa wa Wafransisko waliotunza mahali patakatifu hawakumruhusu, akarudi.

Basi akaamua kusoma ili aweze kuzisaidia roho za watu. Huko Barcelona, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, alianza sarufi ya Kilatini, somo la watoto. Hapo likatokea jambo ambalo sisi wanafunzi wa falsafa tunapaswa kulisoma mara mbili. Kila alipojaribu kukariri, alijiwa na mawazo matamu ya kiroho, hata akashindwa kusoma. Akajiuliza kwa nini utamu huo haumjii namna hiyo hata anaposali au akiwa katika Misa. Akatambua kwamba ni kishawishi. Akamwendea mwalimu wake, wakaingia katika kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote na kumwahidi kwamba kwa miaka miwili hatakosa kumsikiliza, mradi apate mkate na maji.

Kwa hiyo si kila kinachochangamsha moyo kinatoka kwa Mungu. Mantiki na metafizikia zinaweza kutuchosha, na utume wa mwisho wa juma parokiani ukatupa uhai. Uhai huo ni ishara ya kweli ya mahali tunakopelekwa. Lakini tukiutumia kukimbia kitabu, tunalihujumu lile tunalolipenda.

Mezani Roma

Alisoma Paris kuanzia mwaka 1528, akakaa na Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Tarehe 15 Agosti 1534, wenzi saba waliweka nadhiri huko Montmartre. Papa Paulo III alilithibitisha Shirika lao tarehe 27 Septemba 1540. Ksaveri alitumwa Uhindi, na mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, katika pwani yetu. Inyasi, aliyetamani Yerusalemu, alichaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika na kubaki Roma. Barua zake karibu 7,000 zimehifadhiwa. Mtu wa farasi na safari akawa mtu wa meza na wino, hadi alipofariki tarehe 31 Julai 1556. Kilichomtia nguvu tangu Loyola hakikuwa mahali wala aina ya kazi. Kilikuwa kumtumikia Kristo kwa kuwasaidia watu, na hilo liliwezekana hata mezani.

Tufanye nini?

Inyasi alithamini sana kutafiti dhamiri kila siku. Jioni tuchukue dakika chache, tumshukuru Mungu, kisha tupitie siku yetu: wapi tulipata uhai, na uhai huo ulidumu? Wapi tulikauka, na kwa sababu gani? Tusiamue kwa siku moja, na hasa tusibadili uamuzi mwema tukiwa katika ukiwa. Hiyo ni kanuni yake mwenyewe. Tumweleze mlezi wetu wa kiroho tunayoyaona, kama yeye alivyomweleza mwalimu wake. Kwa njia hiyo, kidogo kidogo, wito huanza kuonekana.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.