GAUSS: MTOTO WA KIBARUA ALIYEFUNGUA NJIA YA RAMANI ZA UBONGO

Wadau, kuna jamaa alifariki miaka 40 kabla dunia haijaijua eksirei, lakini mpaka leo wataalamu wa picha za ubongo hawawezi kumkwepa. Anaitwa Carl Friedrich Gauss.

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1777 huko Braunschweig, Ujerumani. Kwao hali ilikuwa ngumu. Baba alikuwa mtu wa kazi za mikono, leo ujenzi kesho bustani, na mama hakubahatika kusoma. Dogo angeishia hapo hapo kwenye vibarua, ila walimu waliona anavyopiga hesabu, habari zikamfikia mtawala wa Braunschweig, naye akaamua kumsomesha kwa pesa zake. Bila ule ufadhili, stori hii isingekuwepo.

Miaka ya 1820 akapewa kazi ya kupima ardhi ya Hannover. Alipanda vilima na milima, akaigawa nchi kwa pembetatu. Mwaka 1821 akabuni kifaa cha kioo cha kurusha mwanga wa jua ili sehemu ya mbali ionekane.

Sasa uso uliopinda utauwekaje kwenye karatasi? Jibu alilitoa mwaka 1827. Chukua kile kikaratasi cha karanga za mtaani: ukikikunjua kinalala chini bila kuchanika. Haya, jaribu ganda la chungwa. Lazima lipasuke au livutike! Gauss alithibitisha kwamba mpindo wa namna hiyo umo ndani ya uso wenyewe, hauondoki kwa kukunjua. Maana yake ramani bapa ya kitu cha mviringo lazima ipotoshe mahali fulani.

Ubongo nao ndio hivyo hivyo. Gamba lake la nje limejikunja, sehemu kubwa imejificha kwenye mifereji. Kompyuta huchukua picha za MRI, hulifunika gamba kwa maelfu ya pembetatu, kisha hulijaza kama puto au kulitandaza. Hapo kanuni ya 1827 inabana: ukilinda pembe, ukubwa unaharibika, ukilinda ukubwa, pembe zinapotea. Kwa daktari anayetafuta kasoro ndogo inayoleta kifafa, kujua ramani imevutika wapi si mchezo.

Gauss alifariki Göttingen tarehe 23 Februari 1855, ubongo wake ukahifadhiwa kwenye chupa. Kumbe! Mwaka 2013 mtafiti Renate Schweizer akagundua kuwa ubongo uliopigwa MRI kama wa Gauss ulikuwa wa daktari Conrad Heinrich Fuchs, aliyefariki mwaka huo huo. Chupa zilikuwa zimebadilishana majina. Alijuaje? Alilinganisha mikunjo na michoro ya zamani. Kwa hiyo hata Gauss mwenyewe ametambuliwa kwa ramani ya uso wa ubongo wake.

Haya wadau, vichwa vingapi kama hivi mtaani kwetu vinaishia kwenye vibarua kwa kukosa ada? Mwageni maoni hapo chini.