GEORGE STEPHENSON: ALIANZA KUSOMA AKIWA NA MIAKA 18

Mara nyingi hapa masomoni tunachekelea wale wenye kuingia kalasi wakiwa watu wazima. Tunasema wamechelewa. Mara hii tunawaletea habari za mutu mumoja wa Uingereza aliyechelewa kama wao, na jina lake linajulikana popote treni zinapopita.

George Stephenson alizaliwa tarehe 9 mwezi wa sita 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na muji wa Newcastle, upande wa kaskazini wa Uingereza. Inchi ile ni ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa anatia makaa katika moto wa mashini ya mvuke yenye kuvuta maji ndani ya shimo. Baba na mama hawakujua kusoma wala kuandika, na mushahara haukutosha kulipia watoto masomo. Basi George akaanza kazi tangu utoto. Alipokuwa na miaka 17 wakamupa mashini ya kuangalia. Alijua kila chuma na kazi yake, lakini kitabu hakujua kukisoma.

Alipofika miaka 18 akatoa feza ya mushahara wake, akalipa masomo ya usiku. Muchana kazi, usiku kusoma, kuandika na hesabu. Haya hakuyaonea.

Mwaka 1802 akaoa Frances Henderson, na mwaka 1803 wakazaa mwana, Robert. Juu feza ilikuwa kidogo, George alikuwa anatengeneza viatu na saa za watu. Kisha mateso yakaja. Mutoto wao musichana akakufa akiwa na wiki chache tu, na mwaka 1806 Frances naye akakufa kwa kifua kikuu. George akaenda Scotland kutafuta kazi. Baba yake akapofuka kwa ajali ya kazi, George akarudi. Muzigo wote ukawa juu yake.

Mwaka 1811, kule Killingworth, mashini moja ya kuvuta maji ilishinda watu. George akaomba aijaribu, akaitengeneza, shimo likakauka. Mwaka 1812 wakamufanya mukubwa wa mashini za pale. Mwaka 1814 akatengeneza mashini yake ya kwanza ya treni, Blücher, iliyovuta tani 30 kwa mwendo wa karibu kilometre 6 kwa saa. Hakuwa wa kwanza: Richard Trevithick alitembeza mashini juu ya reli tangu 1804. Lakini George hakuacha kutengeneza yake na kuirudilia.

Wakati ule gazi ya mashimo ilikuwa inashika moto wa taa na kuua watu wengi. Mwaka 1815 George akatengeneza taa isiyowasha gazi. Mwaka ule ule Humphry Davy, musomi mukubwa wa London, naye akatengeneza yake. Davy hakuweza kuamini kwamba mutu bila masomo alifika pale kwa akili yake mwenyewe. Ni mwaka 1833 tu komite ya Bunge ilisema wote wawili wana haki sawasawa.

George hakutaka mwana wake azarauliwe vile. Akamutia Robert katika shule nzuri ya Newcastle, na jioni wote wawili walikuwa wanasoma pamoja vitabu vya mutoto. Baba akawa mwanafunzi wa mwana wake! Mwaka 1822 Robert akaenda universite ya Edinburgh.

Mwezi wa ine 1825 George akasimama mbele ya komite ya Bunge juu ya reli ya kutoka Liverpool mpaka Manchester. Avoka wakamuuliza vipimo vya njia. Vilikuwa na makosa, na hakuweza kujibu. Wasaidizi wake ndio walipima, naye hakuangalia tena. Bunge likakataa. Hapa hatutaki kumutetea: kosa lilikuwa lake. Lakini tarehe 27 mwezi wa kenda mwaka ule ule, reli ya Stockton na Darlington ikafunguliwa, na George mwenyewe ndiye aliendesha mashini, Locomotion.

Maenjeniere wengine wakapima upya njia ya Liverpool, na mwaka 1826 Bunge likakubali. Kompani ikamuita George tena. Pale palikuwa na matope makubwa ya Chat Moss. Akatandika matawi na majani mengi mpaka njia ikaelea juu. Mwezi wa kumi 1829, kule Rainhill, mashini Rocket, iliyotengenezwa katika karakana ya Robert, ikashinda mashindano na kufika karibu kilometre 48 kwa saa. Reli ikafunguliwa tarehe 15 mwezi wa kenda 1830. Siku ile ya furaha ilikuwa na kilio pia: Rocket iligonga mubunge William Huskisson, naye akakufa.

Baada ya pale reli zikaenea Uingereza yote. Upana wa reli za George, milimetre 1 435, ndio bado upana wa reli nyingi za dunia. Alikufa kule Chesterfield tarehe 12 mwezi wa munane 1848, akiwa na miaka 67.

Tunaona maneno mawili. Kwanza, kuchelewa si kushindwa. Pili, hata mutu wa akili nyingi anaangushwa na hesabu asiyoihakikisha yeye mwenyewe. Tukumbuke hii tunapoiga kazi ya mwenzetu mbele ya mwalimu. Na jioni ya leo, wakati wa kusoma, kama mwenzetu mwenye ndevu anauliza maana ya neno dogo, tusicheke. Tumwambie.