Nabii Zakariya (A.S.): Mtume Aliyekuwa Seremala

Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Qur'ani Tukufu nayo inatueleza kuwa ndiye aliyepewa ulezi wa Bibi Maryam, naye kila alipomwingilia mihrabuni alimkuta na riziki. Uzeeni, akiwa na mvi na mkewe tasa, alimnong'oneza Mola wake haja ya kupata mrithi, akaruzukiwa Yahya (A.S.).

Kumbe mikono iliyoinuliwa kwa dua hiyo ilikuwa mikono ya fundi wa mbao!

Tunawakumbusha ndugu zetu wa Pemba, kuanzia Wete na Chake Chake hadi Mkoani: kijana anayeshika randa na patasi asidharauliwe, wala asikataliwe posa kwa sababu ya kazi yake. Na fundi naye, aliyekwisha kupokea fedha za mlango, atimize ahadi. Mbao mbichi hupinda zikaukapo. Kuzificha chini ya rangi ni udanganyifu.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu. Amin.