Swynnerton: Mtafiti aliyewasaka mbung'o kwa kuisoma miti

MSAFIRI atokaye Kahama kwenda Biharamulo kupitia Runzewe hukatiza nchi ya miombo, ambayo kwa vizazi vingi mbung'o waliwanyima wafugaji. Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta sababu ya hali hiyo ni Charles Swynnerton.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1877, akawa mkulima na mtafiti wa viumbe huko Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Mwaka 1919 alikabidhiwa usimamizi wa wanyamapori wa Tanganyika, na mwaka 1929 akaongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga.

Wakati wengine waliona dawa ya malale na nagana ni kuua wanyamapori, yeye aligeukia mimea. Alibaini kuwa kila aina ya mbung'o ina uoto wake: mmoja hukaa katika miombo, mwingine, aliyepewa jina la Swynnerton, hukaa kwenye migunga, na wa tatu hujificha katika vichaka vizito.

Kiangazi miombo hupukutisha majani, na mbung'o hukimbilia penye kivuli kilichosalia. Nyasi ndefu huulisha moto, lakini kichaka kizito ambacho chini yake hapaoti nyasi huuzuia. Kwa hiyo alishauri nyasi zisichomwe mapema, bali mwishoni mwa kiangazi, ili moto mkali uangamize vichaka vichanga. Wasukuma nao, wakiitwa na watemi wao, walijitokeza kwa wingi kufyeka mapori.

Mwaka 1938 Swynnerton alifariki dunia katika ajali ya ndege nchini Tanganyika, pamoja na mtaalamu wake wa mimea, B. D. Burtt. Maelezo ya Burtt kuhusu jamii za mimea ya Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942.

Ufyekaji ulirudisha malisho na makazi. Hata hivyo, ulipoendelea kwa miaka mingi, sambamba na kilimo cha pamba, ukataji wa kuni na ongezeko la mifugo, sehemu kubwa ya Shinyanga ilibaki tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua ngitili za Wasukuma. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea kuwa na uoto.

Hivyo miti iliyohesabiwa kuwa adui ilikuja kutafutwa tena kwa malisho, kuni na dawa. Maisha ya Swynnerton yanaacha funzo kwa ukanda wa Runzewe na Geita: anayeondoa mti hubadili pia nyasi, moto, wadudu na mifugo inayoutegemea uoto huo.