Yevgeny Zamyatin: mhandisi wa meli aliyeandika juu ya nchi isiyo na machozi

Vijana wengi wa leo wanazifahamu riwaya na filamu zinazosimulia nchi za kubuni ambazo wakazi wake hawapendi, hawaombolezi wala hawaoti ndoto, kwa kuwa watawala wameamua kwamba hisia ndizo chanzo cha vurugu. Riwaya ya The Giver ya mwandishi Mmarekani Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1993, ni mojawapo. Njia hiyo, hata hivyo, ilifunguliwa miongo mingi kabla, na Mrusi aliyekuwa akiunda meli.

Yevgeny Zamyatin alizaliwa tarehe 1 Februari 1884 katika mji mdogo wa Lebedyan, kusini mwa Moscow. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiorthodoksi na mwalimu, na mama yake mpiga piano. Mwaka 1902 alikwenda St. Petersburg kusomea uhandisi wa meli. Huko akajiunga na Wabolsheviki, waliotaka kuung'oa utawala wa kifalme. Katika vuguvugu la mapinduzi ya mwaka 1905 alikamatwa, akafungiwa peke yake kwa miezi kadhaa, kisha akafukuzwa katika mji mkuu.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alipelekwa Uingereza, katika mji wa Newcastle, kusimamia uundaji wa meli za kuvunja barafu kwa ajili ya Urusi. Maisha ya mji huo yalimpa hadithi ya kejeli kuhusu kasisi Mwingereza aliyepanga kila jambo kwa ratiba, hata saa za mapenzi ya mke na mume. Mbegu ya kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha kupandwa.

Alirejea nyumbani mwaka 1917, mapinduzi yakiwa yamepamba moto. Kwa wakati huo hakuwa tena mwanachama wa chama chake cha zamani. Aliwafundisha waandishi chipukizi, na akashuhudia namna watawala wapya walivyovutiwa na mawazo ya Mmarekani Frederick Taylor, ambaye alipima kazi ya binadamu kiwandani kwa dakika na sekunde ili asipoteze hata mwendo mmoja wa mkono.

Katika miaka ya 1920 na 1921 aliandika riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Sisi. Katika nchi anayoisimulia, watu hawana majina bali nambari. Wanaishi katika nyumba za vioo, huamka pamoja, hutafuna chakula kwa hesabu moja, na hupangiwa saa za faragha kwa kibali cha tiketi. Msimulizi, mhandisi kama mwandishi mwenyewe, anaridhika na maisha hayo mpaka anapompenda mwanamke mmoja mwasi. Hapo daktari anamwarifu kwamba amepatwa na ugonjwa: ameota roho. Serikali inapata dawa, nayo ni upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza na kubuni. Mwishoni, baada ya kupasuliwa, mhandisi huyo anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa, na hasikii uchungu wowote. Anadhani amepona.

Wadhibiti wa vitabu waliikataza riwaya hiyo isichapishwe. Mwaka 1922 Zamyatin alitiwa tena kizuizini, safari hii na serikali ya mapinduzi, katika gereza lile lile alimofungwa na serikali ya mfalme. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiingereza, mjini New York, mwaka 1924. Sehemu zake zilipochapishwa kwa Kirusi mjini Prague mwaka 1927, maadui zake walipata kisingizio. Mwaka 1929 kampeni kali ilianzishwa dhidi yake magazetini. Milango ya wachapishaji na ya kumbi za maigizo ikafungwa mbele yake.

Waandishi wengi waliobanwa hivyo waliomba radhi hadharani. Zamyatin hakufanya hivyo. Alijitoa katika chama cha waandishi, na mwaka 1931 akamwandikia barua Stalin mwenyewe. Alieleza kuwa kwa mwandishi, kunyimwa kuandika ni sawa na hukumu ya kifo, akaomba ruhusa ya kuondoka nchini. Mwandishi Maxim Gorky alimwombea, na jambo lisilotarajiwa likatokea: ruhusa ikatolewa.

Aliishi Paris pamoja na mkewe, katika hali ya uhitaji. Alishiriki kuandika filamu ya Jean Renoir iliyotokana na tamthilia ya Gorky, iliyoonyeshwa mwaka 1936. Tarehe 10 Machi 1937 moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka 53.

Mwaka 1946 Mwingereza George Orwell aliandika uhakiki wa riwaya ya Sisi, na miaka mitatu baadaye akatoa riwaya yake maarufu, 1984. Katika nchi alikozaliwa Zamyatin, wasomaji walisubiri hadi mwaka 1988 ndipo kitabu kikachapishwa rasmi. Ilikuwa imepita miaka 51 tangu kifo cha mwandishi. Miaka mitatu baadaye, dola iliyokikataza ilivunjika. Kitabu kingali kinasomwa.